Mrija umetolewa: sasa nitajuaje kama ninapona?

Kalamu_Buluu

Habari zenu, ndugu zangu. Nimekuwa msomaji wa kimya wa mijadala yenu tangu nilipoambiwa kuwa uvimbe wangu ni saratani, na hii ndiyo mara yangu ya kwanza kuandika. Leo ni siku ya 19 tangu nilipofanyiwa upasuaji wa kuondoa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani. Swali langu huenda likaonekana la kitoto, lakini limeninyima usingizi kuliko hata kidonda chenyewe.

Kwa siku 12 za mwanzo nilikuwa na mrija uliotokea ubavuni, chini kidogo ya kwapa, ukaishia kwenye chupa laini ya plastiki ambayo hubonyezwa ili ivute majimaji. Saa moja asubuhi na saa moja jioni nilikuwa nikiyamimina kwenye kikombe cha kupimia, nikiinama hadi mstari uwe sawa na macho kama nilivyoelekezwa, naandika kwenye daftari, kisha naibonyeza chupa ibaki bapa kabla ya kurudisha kizibo. Siku ya kwanza zilikuwa mililita 145, nyekundu kabisa. Siku ya tano zilikuwa 80, wekundu ukiwa umefifia. Siku ya tisa 45, na rangi ilikuwa imegeuka kuwa ya manjano kama majani makavu. Daktari alikuwa ameniambia kuwa mrija ungetolewa nikipata chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo. Siku ya 11 nilipata 28 na siku ya 12 nikapata 22. Nilikwenda kliniki, muuguzi akaniambia nivute pumzi ndefu, na kabla sijaishusha mrija ulikuwa umeshatoka.

Nilirudi nyumbani kwa furaha. Ilipofika saa moja jioni nilichukua daftari na kalamu, nikakaa kitandani, ndipo nikatambua kwamba sina cha kuandika.

Tangu siku hiyo sielewi niko wapi. Juzi nilikunja nguo za kapu zima na kujiona mzima. Jana kuoga tu kulinichosha kiasi kwamba nililala na taulo mwilini. Chini ya kwapa pamejaa tena, na nikigeuka kitandani nasikia kama maji yanayohama. Kuna kitu kama uzi mgumu kinachotoka kwapani kuelekea kwenye kiwiko, kinachokaza kila ninapojaribu kuinua mkono. Upande wa ndani wa mkono hauna hisia nikiugusa kwa kidole, ila shati likiupitia unaungua kana kwamba nimemwagiwa maji ya moto. Usiku, titi ambalo halipo huniwasha, na sina pa kukuna. Majibu ya maabara kuhusu nyama iliyotolewa bado ninayasubiri.

Kila anayepiga simu huniuliza, "Umepona?" Nami hujibu kwamba naendelea vizuri, kwa sababu jibu lolote jingine lingehitaji saa nzima. Shangazi yangu, ambaye nampenda sana, aliniambia nijizoeshe kutumia mkono wa kulia tu kwa kuwa huu wa kushoto hautafanya kazi tena.

Naomba niwaulize ninyi mliopita njia hii: baada ya mrija kutolewa, mlitumia kipimo gani kujua kama mnasonga mbele, na mliwajibu vipi watu?

Mama_wa_Pacha

Pole sana, dada, na karibu. Swali lako si la kitoto hata kidogo, na hapo uliposema umekaa kitandani na daftari nimejiona mwenyewe. Mimi niliondolewa titi la kulia na tezi 17 miaka sita iliyopita.

Nianze na hayo maji ya kwapani, kwa sababu ndiyo yatakayokusumbua wiki hii. Mrija ukitolewa, mwili hauachi kutengeneza majimaji siku hiyohiyo. Yanaendelea kujikusanya katika nafasi iliyoachwa na nyama iliyoondolewa mpaka ngozi ishikane na kilicho chini yake. Yakiwa machache huachwa yanyonywe na mwili wenyewe, lakini yakiwa mengi kiasi cha kuivuta ngozi ikang'aa au mkono ukakosa pa kukaa, huvutwa kwa sindano kliniki. Mimi nilivutwa mara tatu: mililita 120, kisha 70, na mara ya mwisho hata 30 hazikufika. Kwa kuwa ngozi ya pale ilikuwa na ganzi, sindano sikuisikia, na hadi leo hiyo ndiyo faida pekee ya ganzi ninayoweza kuitaja. Usiyakamue mwenyewe wala usiyafunge kwa kitambaa cha kubana bila kuelekezwa.

Uzi unaousema wengi wetu tumeupata. Wangu niliugundua nilipokuwa nafikia swichi ya taa: mkono uliishia njiani kana kwamba kuna mtu ameushika kutoka nyuma, na nilipotazama kwenye kioo niliona kamba tatu zimeinuka chini ya ngozi, nyembamba kama nyuzi za gitaa. Usiogope kuinyoosha kwa upole. Yangu ililegea taratibu kwa mazoezi na mikono ya mtaalamu wa tiba ya viungo, na kufikia mwezi wa nne haikuwapo tena.

Sasa kuhusu kipimo. Mtaalamu huyo alinifundisha zoezi la kupandisha vidole ukutani. Unasimama ukiutazama ukuta, unaweka vidole viwili usawa wa kiuno, kisha unavitembeza kwenda juu kimoja baada ya kingine kama buibui, hadi pale mwili unapokuambia basi; unakaa hapo kwa pumzi kadhaa na kushuka polepole. Yeye hakuniambia niweke alama, lakini mimi nilichukua penseli na kuanza kuweka alama kwenye fremu ya mlango wa chumbani, mahali vidole vilipofikia kila siku. Mwezi mmoja baadaye fremu ile ilikuwa na vistari vingi hivi kwamba mume wangu aliuliza kama tunapima urefu wa watoto.

Katika wiki ya tano alama ilishuka. Haikushuka kidogo, ilishuka kwa upana wa vidole vinne, na siku iliyofuata ikabaki palepale. Nililia nikiwa nimeegemea mlango, nikiamini kwamba kuna kitu kibaya kimerudi. Ilinichukua siku mbili kukumbuka kuwa kabla ya hapo nilikuwa nimekamua nguo za watoto kwa mikono miwili, kazi ambayo sikuihesabu kuwa kazi kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye kiti. Wiki moja baadaye nilirudi nilipokuwa, na wiki mbili baadaye nilipita. Kwa hiyo kama utaweka alama, zitazame kwa wiki, usizitazame kwa siku. Laiti mtu angeniambia hilo mapema.

Kulikuwa pia na vipimo ambavyo sikuvipanga. Wiki ya tisa nilifunga mwenyewe kifungo cha mgongoni cha gauni. Mwezi wa tatu nilipiga chafya bila kujishika kifua, na nikagundua hivyo baada ya chafya kupita.

Muuguzi_Mstaafu

Pole, mwanangu. Nimehudumia vidonda vya upasuaji kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na naomba niongeze mambo machache, nikianza na yale ambayo hayapaswi kusubiri majibu ya mtu yeyote hapa.

Ukipata joto la mwili la nyuzi 38 au zaidi, ukiona wekundu unaotanuka kuzunguka kidonda, kidonda kikianza kutoa harufu au usaha, au uvimbe wa kwapani ukiongezeka ghafla na kuwa wa moto, nenda kliniki siku hiyohiyo. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, au ukaishiwa pumzi au kupata maumivu ya kifua bila sababu, hapo usingoje hata kupambazuke, kwa sababu saratani na upasuaji vyote viwili huongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa, na hatari hiyo huendelea kwa wiki kadhaa baada ya kutoka hospitalini. Andika mambo haya kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lako, na mtu mwingine nyumbani ajue ukurasa huo uko wapi.

Ganzi na kuungua kwa upande wa ndani wa mkono kuna sababu inayoeleweka. Mshipa wa fahamu unaopeleka hisia kwenye ngozi ya hapo hupita katikati ya tezi za kwapani, na tezi zinapotolewa ni kawaida mshipa huo kuvutwa au kukatwa. Ulioguswa tu hujirekebisha kwa miezi mingi, na katika kujirekebisha huko hutoa hisia za ajabu: kuchomwa, kupigwa na umeme, kuwashwa. Uliokatwa huacha eneo la ganzi ambalo huenda likabaki, ingawa kwa kawaida eneo lenyewe husinyaa. Kuwashwa kwa titi lisilokuwapo nako ni kwa kweli wala si mawazo. Ubongo bado una nafasi ya titi hilo na unaendelea kupokea ujumbe kutoka kwenye mishipa iliyobaki. Wagonjwa wangu wengine walinieleza kuwa kusugua taratibu ngozi iliyo karibu, au sehemu ileile upande wa pili, kuliwasaidia. Ngozi inayoungua ukiipitisha shati, izoeshe: kitambaa laini kwa dakika chache kila siku, kisha kitambaa chenye mparuzo zaidi kidogo, mradi kidonda kiwe kimefunga kabisa.

Uchovu wako wa baada ya kuoga usiupime kwa ukubwa wa kazi. Kidonda cha ndani ni kikubwa kuliko mstari unaouona kwenye kioo, na mwili unakitengeneza usiku na mchana. Ongeza hapo dawa za usingizi wa upasuaji, usingizi uliokatikakatika, na hofu ya majibu. Wanaokunywa dawa kali za maumivu huwa na tatizo la choo kigumu, ambalo watu huona haya kulitaja ilhali linamaliza nguvu kwelikweli. Kama unalo, lisemee kliniki, lina dawa.

Kuhusu shangazi yako, usimlaumu, kwa sababu huenda anasimulia alichokiona. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, kwa njia iliyoenezwa na daktari mpasuaji wa Marekani William Halsted, titi liliondolewa pamoja na misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi zote za kwapani, na wanawake wengi waliofanyiwa hivyo walibaki na mkono dhaifu na uliovimba. Mwaka 1971 watafiti walioongozwa na Bernard Fisher walianza kulinganisha upasuaji huo na ule unaoiacha misuli mahali pake. Matokeo ya miaka 25, yaliyochapishwa mwaka 2002, hayakuonyesha kwamba kukata zaidi kuliwapa wanawake maisha marefu zaidi. Wewe, kwa maelezo yako, misuli yako ipo. Mkono wako unahitaji kutumika.

Hata katika suala la kubeba vitu, mawazo yamebadilika. Zamani tuliwaambia wagonjwa wasibebe kitu chochote kizito kwa mkono huo maisha yao yote, na mimi mwenyewe nimeyatamka maneno hayo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la New England Journal of Medicine uliwafuatilia wanawake 141 waliotibiwa saratani ya titi ambao mikono yao ilikuwa tayari imevimba. Nusu yao walinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, uzito ukiongezwa kidogokidogo kwa uangalizi, na uvimbe wao haukuzidi wa wenzao ambao hawakunyanyua. Sisemi ukanyanyue vyuma siku ya 19. Kwa sasa fuata kiwango ulichopewa na daktari wako mpaka kidonda kipone. Nasema tu kwamba katazo hilo lina mwisho.

Uvimbe wa mkono ni jambo la kweli, na unaweza kutokea baada ya miezi au hata miaka, hasa kwa aliyetolewa tezi nyingi na kupigwa mionzi. Kwa kuwa unapenda kupima, nakupa kipimo chenye maana. Chukua utepe wa fundi cherehani, upime mzunguko wa mikono yote miwili kwenye kifundo, sentimita 10 chini ya kiwiko na sentimita 10 juu yake, uandike tarehe. Rudia mara moja kwa mwezi, wala si kila siku. Tofauti ya sentimita 2 ambayo haikuwapo mwanzoni, au pete na saa zinazoanza kubana, au mkono unaohisi mzito ifikapo jioni, ni sababu ya kwenda kuonwa mapema, maana uvimbe ulioshughulikiwa mwanzoni hutulia kwa urahisi zaidi. Ngozi ya mkono huo itunze: vaa glavu unapofanya kazi za bustani, na mkwaruzo hata mdogo usafishe mara moja.

Mshona_Viatu

Poleni wote. Nawaheshimu waliotangulia, lakini nina maoni tofauti kuhusu kupima, na naomba yasikike.

Mimi nilikatwa sehemu ya utumbo mpana kwa sababu ya saratani miaka mitatu iliyopita, kwa kidonda kilichoanzia juu ya kitovu hadi chini. Siku za kwanza kipimo changu kilikuwa kimoja, na kilisimamiwa na daktari: kila asubuhi alisimama mbele ya kitanda, na vijana wanafunzi nyuma yake, akauliza kwa sauti ya heshima kama nimetoa hewa. Siku ya nne nilipojibu ndiyo, watu saba walitabasamu kwa pamoja. Sijawahi kupongezwa namna ile kwa kazi yoyote niliyoifanya maishani.

Tatizo lilianza nyumbani. Nilibandika karatasi ukutani na kuanza kuhesabu hatua: 500, 800, 1,200. Kila siku ilibidi izidi ya jana. Siku ya 23 nilifikisha 4,000, nikaamua kwamba kesho yake zitakuwa 4,500, na nilizifikisha huku nimeshikilia mto tumboni. Siku mbili zilizofuata sikuweza kusimama wima. Sikuwa nimepasua kitu, namshukuru Mungu, lakini mke wangu aliibandua ile karatasi na kuikunja, na sikumuuliza aliipeleka wapi.

Hoja yangu kwako, dada, ni hii: ule mrija ulikuwa unapima majimaji. Haukuwa unakupima wewe. Ulikupa utulivu kwa sababu namba ilishuka kila siku bila wewe kufanya lolote, na hakuna kingine mwilini kitakachoshuka kwa utii namna hiyo. Isitoshe, namba zitakuja tu hata usipozitafuta. Mimi mpaka sasa napimwa damu kwa alama inayoitwa CEA, protini ambayo ikipanda huenda ikaashiria saratani imerudi. Mwanzoni ilikuwa kila baada ya miezi mitatu, na wiki inayotangulia majibu huwa silali vizuri. Ukitengeneza vipimo vyako vya nyumbani juu ya hivyo, utakuwa unasubiri majibu kila jioni.

Kuhusu "Umepona?", hapo naweza kukusaidia zaidi. Swali hilo linachanganya mambo matatu: kidonda, nguvu, na ugonjwa. Nilipolitenganisha, niliweza kulijibu kwa kweli bila kuchoka. Kila Jumamosi kaka yangu aliwatumia watu wote ujumbe mmoja wenye sentensi tatu, kwa mfano: "Kidonda kimefunga. Nguvu bado hazijarudi. Majibu hayajatoka." Wiki nyingine sentensi ya kwanza ilibadilika, wiki nyingine ya pili tu. Simu zilipungua, na waliopiga walikuwa wale waliotaka kuzungumza nami kuhusu mambo mengine, jambo ambalo nilikuwa nimelikosa sana.

Binti_Mkubwa

Mimi sikuumwa, nilimuuguza mama yangu baada ya upasuaji kama wako. Nitasema moja tu, kwa upande wetu sisi tunaokaa kando ya kitanda.

Mama alikuwa akiniambia yuko vizuri, kisha usiku nasikia anahangaika kubadilisha shuka peke yake kwa mkono mmoja, akijitahidi nisisikie. Asubuhi ananiuliza kama nimelala vizuri, nami namuuliza vivyo hivyo, tunadanganyana kwa upendo. Kilichotusaidia ni kunipa kazi moja iliyo yangu kabisa, ambayo hakuhitaji kuniomba kila siku: kumwosha nywele, siku mbili kwa wiki, akiwa amekaa kwenye stuli na taulo begani ili maji yasifike kwenye kidonda. Katika dakika zile ishirini, akiwa amefumba macho, ndipo aliponiambia mambo ambayo hakuwa amemwambia daktari, ikiwemo kwamba hakuwa ametazama kovu lake hata mara moja. Tulilitazama wiki iliyofuata, yeye akiwa ameshika kioo na mimi nimeshika taa.

Kama nyumbani kwako kuna mtu anayezungukazunguka bila kujua afanye nini, mpe kazi moja ya namna hiyo.

Kalamu_Buluu

Nawashukuru wote kwa dhati. Nimechelewa kurudi kwa sababu siku tisa hizi zimekuwa nyingi.

Muuguzi_Mstaafu, shikamoo. Siku iliyofuata ujumbe wako nilikwenda kliniki kwa ajili ya kwapa. Walivuta mililita 95, na kweli, kama alivyosema Mama_wa_Pacha, sindano sikuisikia. Nikiri kwamba nilipoona namba ile kwenye bomba la sindano nilifurahi kupita kiasi, nikaiandika nilipofika nyumbani, kisha nikamkumbuka Mshona_Viatu na kucheka peke yangu. Ndugu yangu, sikubaliani nawe kwa yote, lakini ile sentensi kwamba mrija haukuwa unanipima mimi nimeisoma mara nyingi.

Majibu yametoka juzi. Kingo za nyama iliyotolewa hazina saratani. Kati ya tezi 14, mbili zilikuwa nayo. Uvimbe una vipokezi vya homoni, yaani homoni za mwili huuchochea ukue, kwa hiyo baadaye kutakuwa na vidonge vya kumeza kwa miaka isiyopungua mitano; kabla ya hapo kuna dawa za kemikali, na baada yake mionzi. Dawa zitaanza baada ya wiki tatu kidonda kikiendelea hivi. Nilidhani ningeanguka nikisikia habari ya tezi mbili. Sikuanguka, niliuliza maswali sita niliyokuwa nimeyaandika, nikapata majibu ya matano, na la sita daktari alisema tutalijua njiani. Nilipofika kwenye lifti ndipo miguu ilipolegea, na mdogo wangu akanishika mkono, kwa bahati nzuri ule wa kulia.

Ujumbe wa sentensi tatu tumeutuma Jumamosi. "Kidonda kimefunga isipokuwa sehemu ndogo kwenye kona. Nguvu zinakuja na kuondoka. Majibu yametoka na matibabu yanaendelea." Watu wawili walikasirika kwamba hawakupigiwa simu. Wengine wote walijibu kwa upole, na shangazi akauliza kama anaweza kuja kunyoosha nguo. Nimemwambia aje siku za Jumatano, na kwamba nguo nitazikunja mimi, kwa mikono yote miwili.

Mikono nimeipima kwa utepe: juu ya kiwiko, kulia sentimita 29, kushoto 29 na nusu. Ukurasa huo nimeufunga hadi mwezi ujao. Nimeanza pia zoezi la buibui. Vidole vya kulia vinafika sentimita 198 kutoka sakafuni. Vya kushoto vilifika 139, na uzi ukakaza kama ulivyosema. Alama nimeiweka kwenye fremu ya mlango wa chumba cha kulala. Mama_wa_Pacha, je, nitumie mkono wa kulia kama kikomo cha kufikia, au ulikuwa na lengo jingine?

Mama_wa_Pacha

Dada, hongera kwa kingo safi, na pole kwa hizo tezi mbili. Wa kulia tumia kujua safari ina urefu gani, lakini usiuwekee tarehe ya kuufikia. Mimi niliishia vidole viwili chini ya mkono wangu mzima, na kwa kuwa rafu zote za nyumbani ziko chini ya hapo, huwa sikumbuki mpaka mtu aniulize. Dawa zikianza kutakuwa na wiki ambazo hutapanda kabisa. Wiki hizo fanya mazoezi mepesi ukiwa umelala, na fremu iache.

Jambo moja zaidi: andika tarehe pembeni ya kila alama. Mimi sikuandika. Mwaka jana tulipotaka kupaka rangi fremu ile nilisimama mbele yake muda mrefu, nikijaribu kukisia ni ipi ilikuwa ya wiki ya tano, na sikuweza kuitambua.